Magauni 23, ninayovaa 6: shajara ya kabati langu

Naandika haya kadiri kazi inavyokwenda, ili mwenye kabati lililojaa na asiye na cha kuvaa aweze kufuata, au aruke nilipoangukia mimi. Mimi si fundi. Najua kushona kwa mkono, na nina cherehani ndogo inayopiga mstari mnyoofu na zigizaga, basi. Gharama naziandika kwa saa na vifaa, maana hizo ndizo zilizoniuma.

5 Januari. Kuhesabu

Mwezi wa Oktoba niligeuza henga zote kabatini, ndoano zikatazama nje. Gauni likivaliwa na kufuliwa, henga yake inarudi upande wa kawaida. Leo nimefungua na kuhesabu: magauni 23, henga zilizorudi 7. Lakini moja kati ya hizo saba ni ya gauni la kijani, na nakumbuka vizuri kilichotokea: nililitoa, nikalipiga pasi, nikajitazama kwenye kioo, nikalivua. Kwa hiyo ni 6. Miezi mitatu, magauni sita, na moja kati ya hayo nimelivaa mpaka viwiko vimeanza kung'aa.

Niliwahi kusoma kwamba Uingereza ilipoanza kugawa nguo kwa kuponi mwaka 1941, mtu mzima alipewa kuponi 66 za mwaka mzima, na gauni la sufu peke yake lilikula 11. Nimepiga hesabu: kama yangu yote yangekuwa ya sufu, yangemaliza kuponi za karibu miaka minne, bila soksi wala kiatu. Na 17 kati yake yananing'inia tu.

Nimejiwekea sharti moja: sinunui gauni mpaka shajara hii ifike mwisho.

12 Januari. Kutafuta sababu, mara mbili

Nilikata vikaratasi, nikavaa kila moja ya yale 17, nikaandika kwa nini silivai, nikakibana kikaratasi kwa pini shingoni. Kazi ya jioni moja, nikajisifu. Mdogo wangu alipopita akaanza kuvisoma kwa sauti: "Sipendi. Sipendi sana. Halinikai. Sijui." Akaniangalia. "Dada, sasa hapa fundi atashona nini?"

Alikuwa na haki. Nimerudia upya, safari hii kila gauni nimelivaa nusu saa nikiwa na kazi za kawaida: kuketi chini na kuinuka, kupanda kistuli nichukue kitu juu ya kabati, kuokota, kufunga kamba za viatu, kuning'iniza mkoba begani. Gauni linasema lenyewe. Lile la bluu lenye mikono mirefu, kila nikiinua mkono, pindo zima linapanda hadi juu ya goti. La maua, nikiketi, zipu inaachia. La kijivu ni zuri mpaka nisimame mbele ya dirisha, hapo miguu yote inaonekana.

Mgawanyo ukawa hivi: matano yanabana mahali fulani, matatu yana shida ya urefu, matatu yanaonyesha ndani au shingo yake imeshuka mno, mawili yameharibika zipu au vifungo, mawili yana madoa, na mawili hayana kosa lolote ninaloweza kulinyooshea kidole. La kijani limo katika haya ya mwisho.

Kisha nikaona kitu ambacho sikukiandika kwenye kikaratasi hata kimoja. Kati ya yale sita ninayovaa, matano yana mifuko. Kati ya 17 nisiyovaa, lenye mfuko ni moja tu.

19 Januari. Vifungo na shingo

Haya yamekwenda haraka. Vifungo vinne vimerudishwa. Chini ya kila kifungo nimeacha shina la uzi kwa kuweka kijiti cha kiberiti juu yake wakati wa kushona, kisha nikakitoa na kuuzungusha uzi uliolegea mara tano. Shingo moja iliyoshuka nimeiwekea kifungo cha kubana cha ndani. Kwa yale mawili yanayoonyesha nimeshona shimizi moja ya pamba nyepesi, rangi iliyokaribiana na ngozi yangu. Nilikuwa nimeanza kukata nyeupe, nikaijaribu kipande dirishani: nyeupe ndiyo inayoonekana zaidi chini ya kitambaa chepesi, kana kwamba umeandika.

Saa 3 zote pamoja.

2 Februari. Zipu tatu kwa ajili ya gauni moja

Gauni la maua, zipu ya kujificha mgongoni. Meno yalikuwa yanafungana kichwa kikipanda, kisha yanaachana nyuma yake. Nilidhani meno yamekwisha, nikasugua mshumaa, nikasugua risasi ya penseli. Hivyo vinasaidia zipu inayokwama. Yangu haikwami, inaachia, na zipu inayoachia mara nyingi ugonjwa uko kwenye kichwa: kimepanuka kwa kuvutwa kila siku, hakiyabani meno tena. Dawa ni kukibana kidogo kwa plaisi, upande huu na upande huu, ukijaribu kila baada ya kubana. Mimi nilibana mara moja, kwa nguvu. Kikapasuka.

Basi zipu mpya. Kabla ya kushona zipu ya kujificha inatakiwa kuyalaza meno yake kwa pasi ili sindano ipite karibu nayo. Pasi yangu ilikuwa bado ya moto wa pamba. Meno ya zipu hizi ni ya nailoni au poliesta, na kwa moto ule yaliyeyuka kidogo sehemu mbili, kiasi cha kutoonekana kwa macho. Sikujua mpaka nilipokwisha kuishona, ikagoma katikati ya mgongo nikiwa ndani ya gauni. Nilitoka kwa kupita kichwani, na hiyo ni hadithi ya siku nyingine.

Ya tatu nimeishona hivi, na ndiyo ya kuiga. Pasi ya joto la chini kabisa, kitambaa chembamba juu. Nikapiga bandi zipu yote kwa mkono, yaani mishono mirefu ya muda, pande zote mbili, kabla ya kugusa cherehani. Nikaweka alama ya chaki pale mshono wa kiuno unapopita ili kulia na kushoto vikutane. Mara ya kwanza sikupiga bandi, na kiuno kilipishana nusu sentimita. Hakuna atakayekuambia, lakini kila mtu ataona.

Saa 5. Zipu 2 zimetupwa, sindano 1 imevunjika.

16 Februari. Mifuko

Nimechagua magauni manne yenye mshono wa ubavuni na kitambaa kinachoweza kubeba. Kwenye hariri au kitambaa cha kuvutika chepesi sikuthubutu. Simu moja ingeangusha ubavu mzima.

Wazo ni jepesi: unafumua mshono wa ubavu sentimita 16, unaunganisha mfuko pale, unafunga. Nimepima kwa kusimama na kuuacha mkono uingie wenyewe. Kwangu mdomo wa mfuko unaanzia sentimita 6 chini ya kiuno. Ukianzia chini zaidi unainama kutafuta funguo.

La kwanza liliharibika kwa njia tatu. Nilitumia kitambaa cha bitana kinachoteleza, na kila kitu kikawa kinajimwaga nikiketi. Nikashona mfuko wa kushoto ukitazama nyuma. Na nilipoweka simu, mfuko ukavuta gauni chini na mbele, ubavu ukatengeneza mdomo uliofunguka wakati wote, kama mtu anayeshangaa.

Marekebisho: mifuko yote sasa ni ya pamba iliyofumwa kwa kubana, ile ya shuka kuukuu. Kila kipande cha mfuko nakibana kwa pini na kuvaa gauni kabla ya kushona, niingize mkono. Kuhusu kuvuta, nimekata utepe wa pamba, upande mmoja nimeushona kwenye ukingo wa juu wa mfuko na upande wa pili kwenye mshono wa kiuno kwa ndani. Uzito sasa unabebwa na kiuno, si na ubavu. Mdomo nao nimeupigia mstari wa ndani, milimita 2 kutoka ukingoni, unaoshika mfuko na ukingo wa mshono bila kutokea nje, ili mfuko usichungulie. Ncha mbili za mdomo, juu na chini, nimezipiga zigizaga nzito. Hapo ndipo mkono unapovuta kila siku.

La kwanza lilinila saa 4, yaliyofuata saa moja na nusu kila moja. Shuka moja imekwisha. Hii ndiyo kazi iliyonilipa haraka kuliko zote: gauni la kahawia, ambalo kikaratasi chake kilisema "shingo imeshuka", nimelivaa mara tatu ndani ya wiki mbili.

9 Machi. Kwapa

Matano yanayobana. Niliyapanga kwa mahali yanapobana: mawili kwapani, mawili kifuani na nyonga, moja mabegani na mgongoni.

Nilimpelekea fundi lile la bluu nikamwambia aongeze urefu, maana linapanda. Hakuligusa hata pindo. Akaniambia niinue mkono. "Binti yangu, gauni lako halijapungua urefu. Limepungua hapa." Akaweka kidole kwapani. "Mkono ukienda juu unachukua gauni lote, kwa sababu hapa hakuna cha kutoa. Weka kikwapa."

Kikwapa ni kipande cha pembe nne kinachoshonwa pale mshono wa mkono na mshono wa ubavu vinapokutana. Nilienda nyumbani nikafumua ile makutano sentimita 8 kila upande, nikakata mraba, nikashona. Nikavaa, nikainua mkono, pindo likakaa mahali pake. Nilifurahi kiasi cha kuinua mkono tena na tena kama mtoto darasani. Mara ya kumi hivi nikasikia kitambaa kinachanika.

Kilichochanika si mshono, ni kona. Ukifumua makutano na kuyafungua, kwenye ncha ya kila mkato karibu hakuna kitambaa cha ziada kilichobaki kushika uzi. Kila unapoinua mkono, ncha ile ndiyo inayobeba. Fundi alicheka niliporudi, akanionyesha kwa karatasi. Kabla ya kukata, unabandika kwa ndani, pale ncha itakapokuwa, kipande kidogo cha kitambaa chembamba chenye gundi ya pasi, ukubwa wa stempu. Unapunguza mshono uwe mfupi, milimita moja na nusu, sentimita 2 kabla ya kona na 2 baada yake. Ukifika konani unaacha sindano imezama, unainua mguu wa cherehani, unageuza kitambaa, unashusha. Ukikunja kona bila kusimamisha sindano utashona kipeto, nacho kitakukwaruza kwapani mpaka ukome.

La pili nililiongeza jambo langu mwenyewe: kipande nimekikata hanamu, yaani nyuzi zake zikae mshazari. Kitambaa kisichovutika hata kidogo kikikatwa hanamu kinatoa kidogo, na kwapani unachohitaji ni hicho kidogo.

Kitambaa cha vikwapa kilitoka wapi? Hilo ndilo swali nililoulizwa zaidi na walioona. Lile la bluu lilikuwa na mkanda wa kitambaa chake ambao sijawahi kuufunga, nimeukata. La pili nimechukua ndani ya pindo, nikaweka kitambaa kingine mahali pale ambapo hakuna anayetazama. Kuwa mwangalifu na nguo iliyopauka: kitambaa cha ndani ya pindo hakijaona jua, kitakuwa kimeiva zaidi ya gauni lenyewe. Kwapani haijalishi. Kifuani ingeonekana kama kiraka.

Kwa mawili yanayobana kifuani na nyonga nimefumua ubavu kutoka kwapa hadi pindo na kuingiza ukanda wa rangi tofauti kabisa, sentimita 3 kila upande baada ya kushona. Nilijaribu kwanza kutafuta rangi inayofanana. Inayofanana kwa karibu ni mbaya kuliko inayopingana. Jicho linadhani umekosea. Nyeusi ubavuni kwenye gauni jekundu inaonekana ilikusudiwa tangu dukani.

La tano nimelishindwa. Linabana mabegani na mgongoni, na kule huwezi kuongeza bila kulivunja lote. Nimelikata liwe hazina ya vipande. Limeshatoa mikanda, vifuniko vya vifungo na mifuko miwili midogo ya ndani, na bado lipo.

Saa 13, pamoja na kushona kwapa moja mara tatu. Sindano 2.

30 Machi. Rangi, au jinsi nilivyoua gauni

Hili nalieleza taratibu kwa sababu nililifanya kwa haraka.

Gauni la rangi ya maziwa lilikuwa na manjano kwapani. Jasho likikutana na dawa za kwapani zenye chumvi za alumini huacha manjano kwenye vitambaa vyeupe. Nilimwagia dawa ya klorini. Manjano yakakolea. Klorini kwenye madoa ya namna hii inaweza kufanya hivyo, na ningejua kama ningesoma kwanza. Nikaamua basi: nyeusi itafunika.

Lebo ilikuwa imekatwa zamani. Nilishika kitambaa, kikawa laini na baridi, nikasema pamba. Nikaandaa rangi ya pamba ya maji baridi inayoshikishwa kwa magadi ya kufulia, yaani sodiamu kaboneti, nikalitumbukiza kwenye ndoo iliyokuwa ndogo, kitambaa kimekunjamana. Saa moja baadaye nikatoa gauni la kijivu cha majivu, lenye mawingu, na kila mshono umebaki na rangi ya maziwa kama mtu amelichora kwa chaki. Kwapani, pale klorini ilipopita, palichukua rangi kwa namna nyingine kabisa. Madoa hayakufunikwa. Yalipigiwa mstari.

Makosa, kwa mpangilio wa uzito:

Kitambaa kilikuwa mchanganyiko wa pamba na poliesta. Rangi ya pamba huingia kwenye nyuzi za pamba tu. Poliesta inataka rangi ya aina yake na maji ya moto unaokaribia kuchemka. Nusu ya gauni langu haikunywa kitu. Na nyuzi za kushonea za viwandani karibu zote ni poliesta, ndiyo maana mishono ilibaki kama ilivyokuwa. Hata gauni la pamba tupu litakufanyia hivyo, kwa hiyo amua mapema kama mishono ya rangi nyingine unaipenda.

Jaribio nililopaswa kufanya ni la dakika mbili. Chomoa nyuzi chache ndani ya mshono, zishike kwa kibano juu ya sinki, ziwashe. Pamba, kitani na viskosi (yaani reyoni) huungua haraka, hunuka karatasi, na majivu yake ni laini. Poliesta hujikunja, huyeyuka na kuacha tone gumu. Sufu na hariri hunuka nywele zilizoungua. Mchanganyiko hukupa vyote viwili: karatasi na tone. Nilipochoma uzi wa gauni langu, baada ya msiba, nilipata tone.

Ndoo iwe kubwa kiasi kwamba gauni linaogelea. Kitambaa kilichobanana hunywa rangi pale tu inapofika.

Gauni la pili lenye madoa ni la kitani. Safari hii nilichoma uzi, nikalipima uzito likiwa kavu ili kujua kiasi cha rangi, nikaliosha kwa sabuni mara mbili, nikalitia likiwa bado bichi ili linywe sawasawa, nikaligeuzageuza kila dakika tano. Limetoka bluu ya usiku, na mishono yake imebaki kijivu. Hiyo mishono ndiyo watu wanayoisifia, na mimi nakaa kimya. Nimelisuuza mpaka maji yakawa meupe, na bado lilipofuliwa mara ya kwanza lilitoa rangi. Mara nne za kwanza lifuliwe peke yake.

Saa 9. Gauni moja limekufa, sasa ni matambara ya kufutia.

20 Aprili. Pindo

Mawili yalikuwa mafupi na moja, lile la mwamvuli, refu mno.

Yale mafupi yalikuwa na sentimita 4 na 5 ndani ya pindo. Kufumua ni dakika kumi. Kinachobaki ni ule mstari wa mkunjo wa zamani. Kwanza tofautisha: kuna mkunjo, na kuna kupauka. Mkunjo nimeutoa kwa kitambaa kilicholowa siki iliyochanganywa na maji, nusu kwa nusu, kisha pasi juu yake. Nilijaribu kwanza ndani ya mshono kuona kama rangi itabadilika. Kupauka hakutoki kwa siki wala kwa maombi. Nilipoteza jioni nzima kukisugua kitu ambacho hakikuwa uchafu. Nimekifunika kwa mistari mitatu ya uzi wa rangi iliyokolea, mmoja kwenye mkunjo wenyewe, mmoja juu yake, mmoja chini yake, na sasa ni pambo.

Kwa kuwa kitambaa kimetumika chote, pindo jipya nimelikunga kwa ukanda mwembamba uliokatwa hanamu, ukageuzwa ndani.

La mwamvuli nililipima, nikalikata, nikalipinda siku ileile. Wiki moja baadaye lilikuwa limeshuka upande mmoja sentimita 3. Gauni la mwamvuli limekatwa duara, kwa hiyo sehemu nyingine za pindo ziko hanamu, na hanamu hushuka kwa uzito wake lenyewe. Ukikata mkunjo wa zamani uliokuwa umelizuia, linaendelea kushuka. Inatakiwa ufumue, ulitundike siku nzima na usiku wake, ndipo uvae na mtu mwingine apime kutoka sakafuni kwa rula, wewe umenyooka. Ukiinama kuangalia, umeshaharibu kipimo. Nimelikata upya. Limekuwa fupi kuliko nilivyotaka kwa vidole viwili.

Saa 6.

4 Mei. Yasiyo na kosa

Yamebaki mawili: la mistari na la kijani. Kwa haya sindano haina kazi, nikajaribu kuvaa vitu juu na chini yake.

La mistari nilikuwa naliona la sherehe tu. Nimevaa sweta juu yake, likawa sketi. Tatizo ni sweta kuishia nyongani na kunifanya pipa. Suluhisho: lastiki nyembamba iliyofungwa kiunoni juu ya sweta, kisha sweta linavutwa juu kidogo na kufunika lastiki. Dakika moja, na hakuna kilichokatwa. Siku nyingine shati lililofunguliwa vifungo, siku nyingine blauzi ya shingo ndefu chini yake. Mkanda umeshindwa: gauni lisilokuwa na kiuno likifungwa mkanda, mistari inapinda.

La kijani nimejaribu yote hayo siku kumi na nne. Nalivaa, najitazama, nalivua.

18 Mei. Kufua

Ingizo fupi, na la aibu. Moja ya yale niliyorefusha, la viskosi, limechanika ubavuni nikilikamua. Viskosi ikilowa hupoteza sehemu kubwa ya nguvu yake. Mkavu ni kitambaa, mbichi ni kama karatasi. Nimeshona. Sasa nalizungushia taulo na kulibana, silisokoti, na nalianika likiwa limelala.

Mengine: yote yanageuzwa nje ndani kabla ya kufua na kuanika, tena kivulini. Na siyafui kila nikivaa. Nimeshona vitambaa vya kwapani vya pamba, umbo la nusu mwezi, vinavyoshikwa kwa vifungo viwili vya kubana. Nafua hivyo, gauni linapigwa upepo usiku mmoja. Lile la viwiko vinavyong'aa linapumzika.

8 Juni. Hesabu

Nilizigeuza henga upya tarehe 12 Januari. Leo: magauni 20 kabatini, henga zilizorudi 17, na safari hii hakuna ya pasi tu. Matatu yamerekebishwa na bado hayajatoka, mojawapo likiwa lile la mwamvuli la vidole viwili.

Saa 35 na nusu kwa mishono, zipu na mifuko, 9 kwa rangi. Ukiniuliza ngapi kati yake ni za kufumua nilichoshona mwenyewe, nitasema karibu nusu. Zipu 3 ili kupata 1, sindano 3, shuka 1, gauni 1 lililokufa, 1 lililokatwa vipande.

Mbali na hayo mawili, la tatu lililoondoka kabatini ni la kijani. Jumapili mdogo wangu alikuja, akalikuta mlangoni mwa kabati, akalivaa ili anichekeshe. Sikucheka. Lilimkaa kana kwamba lilikuwa linamsubiri. Aliondoka nalo mwilini, nguo alizokuja nazo kaziweka kwenye mfuko.

Jana usiku akanipigia. "Dada, mbona hili halina mifuko?"

Nimeshakata vipande. Analileta Jumamosi.